Noa wa Waya na Ngama ya Taufiki

Mwaka wa 1956, pale Nguvumali mjini Tanga, ungeulizia nyumba ya Noa Shemndolwa ungezungushwa mitaa yote bila kufika. Lakini ungesema Noa wa Waya, hata muuza kahawa angeweka birika lake chini akuelekeze: ile nyumba ya udongo yenye kibanda cha mabati ubavuni, na magurudumu mawili ya lori yamelazwa mlangoni. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na sita, mfupi, mwenye mabega mapana ya watu wa milimani, na mtaratibu kiasi cha kuwaudhi wenye haraka zao. Kazi yake ilikuwa umeme wa magari: dainamo, staata, taa na honi. Injini hakugusa. Aliyemletea injini alimjibu, "Injini ina wenyewe, bwana. Mimi nafuata waya."

Kwao Bumbuli, juu Usambara, baba yake alikuwa mkulima na mzee wa kanisa la Kilutheri. Noa aliteremka akiwa kijana wa miaka kumi na saba kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, akaangukia karakana ya shamba moja karibu na Muheza, chini ya fundi aitwaye Methusela. Methusela alikuwa na kovu lililoanza chini ya sikio la kushoto likashuka mpaka kifuani, ngozi imejikunjakunja kama karatasi iliyolowa kisha ikakauka. Alimsimulia kila mfanyakazi mgeni habari ya kovu lile mara moja tu, hakurudia. Alikuwa amegusanisha nyaya mbili ili aone kama umeme umefika, na hatua tatu nyuma yake palikuwa na debe la petroli ambalo mtu alisahau kulifunika.

"Petroli yenyewe haikunifikia," alimwambia Noa. "Kilichoniunguza ni harufu yake."

Noa alikaa na maneno hayo miaka kumi na mmoja pale karakana, akatoka nayo kwenda mjini. Hakuna gari aliloligusa kabla ya kulizunguka na kulinusa. Wenzake wa Tanga walimcheka, wakasema ananusa kama mbwa wa msasi. Alicheka nao, kisha akaendelea kunusa.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni alifika kibandani mtu wa makamo, kanzu yake imeganda tope mpaka magotini, kofia ya kiua iko sawasawa kichwani, na kwapani kashika kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Wewe ndiye Noa?"

"Ndiye mimi. Karibu kigodani, bwana."

Mgeni hakukaa. Jina lake Hamad bin Khamis, mfanyabiashara wa Wete, Pemba. Alikuwa na motaboti iitwayo Taufiki, chombo cha wakati wa vita alichokinunua mnadani Mombasa. Ilibeba abiria na mizigo baina ya Pemba na mwambao huu, na ilikuwa na injini ya petroli yenye pampu ya umeme ya kuvuta mafuta kutoka tangini. Kwa miezi mitano sasa injini ilikuwa ikizimika baharini, na kila mara fundi alisema pampu imekufa. Alikuwa amebadilisha tatu.

"Jana tumetoka Pangani, watu kumi na wanne chomboni, na dada yangu mkubwa yumo," Hamad alisema. "Injini ikazima kweupe, mbali na pwani, pepo za kusi zikatusukuma toka asubuhi mpaka alasiri. Lau si wavuvi wa Tongoni na ngalawa zao, tungevunjika mwambani. Nimekuja mjini kununua pampu ya nne, na mwenye duka kanikatalia. Kaniambia pampu tatu haziwezi kufa zote kwa ugonjwa mmoja, nenda kwa Noa wa Waya."

Noa akafungua gazeti. Ndani ilikuwa pampu ya tatu. Aliinusa, akamwaga mabaki ya petroli mbali na kibanda, akaiweka juani na kurudi kwenye dainamo aliyokuwa akiifunga. Hamad alisimama, akakaa, akasimama tena. Pampu ilipokauka kabisa na harufu imekwisha, Noa aliiunga na betri juu ya meza ya nje. Ikalia papo hapo, tiki tiki tiki, kwa mwendo wa haraka.

"Hii nzima," Noa alisema.

"Fundi wangu Zubeiri, niliyemwita Tongoni jana jioni, kaitoa imekufa."

"Ilikufa ikiwa chomboni. Hapa unaiona hai. Basi ubovu hauko kwenye pampu, bwana. Umeme haufiki, umekwama njiani."

Hamad aliitazama ile pampu muda mrefu, na uso wake ulionesha mtu anayefikiria zile nyingine mbili alizozitupa. Kisha akamwomba Noa waongozane mpaka Tongoni.

Hapo Noa aliingiwa na uzito. Alikuwa amekaa Tanga miaka saba bila maji ya bahari kumpita vifundo vya miguu. Bumbuli hakuna anayejifunza kuogelea. Mito ya kule ni ya kuvuka kwa kuruka mawe. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kazi tu, "Chombo kiko majini?"

"Kimekaa topeni, kwenye kijito. Maji yamekupwa."

Mkewe, Lea, alikuwa dirishani akichambua mchele na amesikia yote. "Baba Ruthi," alimwita, "wewe hujui kuogelea."

"Haiendi popote, mama Ruthi. Imekwama."

"Maji yakijaa, itakwamuka," Lea akasema, na akaenda kumfungia mkate wa muhogo wa safari.

Noa akatia mfukoni balbu ndogo ya taa ya gari, akachukua ile pampu, mkoba wake wa zana na bunda zima la waya mnene wenye ganda la mpira, ambao alikuwa ameuweka kwa ajili ya lori.

Walifika Tongoni adhuhuri. Taufiki ilikuwa imelala kidogo ubavu kwenye kijito cha mikoko, ng'ambo ya magofu ya kale ya Tongoni, rangi yake nyeupe imechakaa. Abiria walikuwa wamejikusanya ufukweni chini ya vibanda vya wavuvi. Juu ya sitaha nahodha Ame, Mpemba mrefu mwenye ndevu za mvi, alikuwa ameinamia jiko la makaa akichemsha kahawa. Na chini, kwenye uwazi wa injini, kilionekana kichwa cha Zubeiri, fundi mitambo wa Ngamiani, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei anayeheshimika mjini. Mkono mmoja ameshika chuma cha injini, mkono mwingine ameshika ncha ya waya aliyoichomoa jana kwenye pampu.

Noa alisimama ghafla hatua kumi kabla ya kufika. Upepo ulikuwa unatoka chomboni kuja kwake, na ulimletea harufu aliyoijua. Aliujua pia ule mkono wa Zubeiri unataka kufanya nini. Alikuwa anataka kuugusisha waya kwenye chuma aone cheche, ajue kama umeme upo.

Angepiga kelele, Zubeiri angeshtuka, na mkono ulioshtuka ungegusa chuma. Kwa hiyo Noa akatia mikono nyuma, akasema kwa upole kama mtu aliyepita tu:

"Shikamoo, fundi Zubeiri."

"Marahaba," Zubeiri alijibu bila kugeuka. "Nani mwenzangu?"

"Noa, wa Nguvumali. Fundi, nina ombi moja. Huo waya ulio mkononi uinue juu, juu zaidi, mbali na chuma. Ahsante. Sasa uviringishie kitambaa, uuache hapo, upande nje taratibu tuongee."

Kulikuwa na kitu katika upole ule kilichomfanya Zubeiri atii kabla hajaamua kutii. Alipanda. Noa akamgeukia nahodha. "Nahodha, naomba jiko lishuke ufukweni. Usilimwagie maji hapo, lishushe lilivyo, taratibu, ulipeleke upande ule upepo unakotoka. Na tumbaku pia, kama unayo iliyowashwa."

Jiko liliposhushwa, Zubeiri alikuwa amekwisha kupata hasira zake. "Kijana, nimetengeneza injini kabla hujashuka milimani. Petroli kidogo imevuja, ni kawaida ya vyombo."

Noa hakubishana. Aliomba kifuu cha nazi na upondo mrefu, ule mti wa kusukumia chombo. Akaingia chomboni akiwa peku, akainama mpaka kwenye ngama, lile tumbo la chombo yanakotuama maji, akachota kifuu kimoja cha maji meusi. Akakipeleka mbali, hatua zaidi ya mia, kule upepo unakotoka, akakiweka mchangani, akawataka watu wasimame nyuma. Kisha akafunga kitambaa kwenye ncha ya upondo, akakiwasha kwenye jiko la nahodha, akaunyoosha upondo wote.

Moto haukungoja kufika. Maji yaliwaka kitambaa kikiwa bado juu, yakatoa mlio kama shuka inayotikiswa, na kifuu chote kikawa moto mtupu.

Mwanamke mmoja mtu mzima, mwembamba, aliyejitanda kanga mbili, alitoka katikati ya abiria akaja kusimama karibu kuliko wote. Huyo alikuwa Salme, dada yake Hamad, ambaye nyumbani kwao Wete alisomesha watoto Kurani na ambaye hata Hamad mwenyewe hakuketi mbele yake bila ruhusa.

"Mwanangu," alimuuliza Noa, "tumekaa juu ya maji haya toka Pangani?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kahawa ikichemka."

"Ndiyo, bibi."

Salme akamtazama nahodha, akamtazama ndugu yake, kisha akarudi chini ya kibanda. Zubeiri alikuwa bado anakitazama kile kifuu kinavyoteketea. Baadaye Noa alikuja kusema kwamba katika mambo yote ya siku ile, kimya cha Zubeiri pale ndicho alichokithamini zaidi. Fundi mwingine angetafuta neno la kujitetea. Yeye alimfuata Noa akauliza, "Tuanze wapi?"

Walianza kwa kutougusa umeme kabisa. Noa aling'oa mbao zote za sitaha zinazong'oka na kufungua kila kifuniko. Hewa ya petroli ni nzito, aliwaeleza, hujilaza chini kama ukungu wa bondeni. Haitoki mpaka isukumwe. Yeye na Ame wakafunga turubai kwenye mlingoti, wakaligeuza mdomo wake kusini, upepo ukaingia humo na kushuka moja kwa moja mpaka ngama. Mabaharia wawili walifua maji, wakiyachota kwa vifuu vya nazi na kuyatoa nje. Makopo ya bati Noa aliyakataa, kwani bati likikwaruza chuma hutoa cheche. Kilichotoka kilimwagwa kwenye shimo mbali na watu, na mbao zikapanguswa kwa matambara mpaka zikakauka.

Saa mbili zilipita hivyo. Hamad alikuwa akienda na kurudi ufukweni, akitazama maji. Yangejaa saa moja usiku, na alitaka kuondoka nayo.

Harufu ilipokwisha, Noa alihakikisha kila swichi imezimwa, ndipo akafungua waya wa hasi wa betri, kisha ule mwingine. Betri zote mbili zikabebwa na mabaharia mpaka nchi kavu. "Sasa chombo hiki ni gogo tu," alimwambia Zubeiri. "Hakina cha kutuunguza."

Zubeiri akairudisha ile pampu mahali pake, kisha wakaifuata kwanza njia ya petroli. Palipokutana bomba na pampu, nati ilikuwa imechoka kwa kufunguliwa na kufungwa mara tatu, na ilitoa tone kila baada ya pumzi chache. Hiyo ilikuwa kazi ya Zubeiri, na aliifanya vizuri: akabadilisha nati na kipete cha shaba, akakaza, akapangusa, akaweka karatasi kavu chini yake nusu saa nzima. Karatasi ikabaki kavu.

Kisha Noa akaufuata waya. Ulitoka kwenye betri, ukashuka chini kabisa ya ngama, ukapita ndani ya maji, ukapanda mpaka kwenye pampu. Aliyeuweka aliona hiyo ndiyo njia fupi. Noa aliutoa mzima kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo, akaulaza mchangani mbele ya watu wote, urefu wa hatua tisa. Akauunga mwisho mmoja na betri, mwisho wa pili na ile balbu yake. Balbu ikawaka.

"Basi mzima," Hamad alisema.

"Subiri, bwana." Noa akaushika waya katikati, pale palipofungwa utepe mweusi wa kitambaa, akautikisa kama wimbi linavyotikisa chombo. Balbu ikazima. Akaacha, ikawaka. Akatikisa, ikazima.

Abiria walikuwa wamesogea wote. Noa akatoa kisu akafungua ule utepe. Ndani nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa kwa mkono tu, bila lehemu, na maji ya chumvi yamezila mpaka zimekuwa unga wa kijani. Uzi mmoja au mbili tu ndizo zilizokuwa bado zinashikana.

"Chombo kikiwa gatini kimetulia, hizi zinagusana, pampu inalia, fundi anasema nzima," Noa alieleza. "Kikifika kwenye mawimbi zinaachana. Na kila zinapoachana zinatoa cheche. Humo humo ngamani."

Zubeiri alikaa chini mchangani. "Pampu tatu," alisema taratibu. "Na mimi ndiye niliyezibadilisha zote."

"Pampu huonekana, fundi. Waya umejificha."

Jua lilikuwa limekwisha kuinama. Noa aliwasha moto wake ufukweni, mbali na chombo, akatia lehemu kwenye vichwa vya waya mpya, kimoja baada ya kimoja. Alikuwa bado hajaumaliza mwisho wa pili Hamad alipomjia na fanusi mbili mkononi.

"Fundi, maji yanajaa. Tukuwashie hizi, uufunge waya upesi, tuondoke."

"Fanusi ni moto, bwana."

"Si umesema hewa imetoka?"

"Imetoka kwa leo mchana. Tangi liko palepale, na mimi sijaijaribu ile nati ikiwa na petroli inayosukumwa. Siingii na moto humo. Tutaanza alfajiri, kukipambazuka."

"Nina watu kumi na wanne wanaongoja. Nina mzigo. Nimekuleta utengeneze, hukuja kunipangia safari."

Noa aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu wa kujibizana na wakubwa. Lakini alikusanya zana zake polepole, moja moja, akazirudisha mkobani. "Ukipata wa kuingia na fanusi, waya huo hapo, nimekuachia," alisema. "Mimi sitaingia, wala sitasimama karibu."

Salme alikuwa amesikia. Hakuinuka pale mkekani. "Hamad," alisema, "jana nimeswali nikidhani ni swala yangu ya mwisho. Leo sina haraka. Zirudishe taa kwa wenyewe, umtafutie mgeni wako chakula."

Yakaisha hapo.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yanajaa tena, na Taufiki ilikuwa imeelea. Noa alivushwa kwa mtumbwi, ameshika kingo zote mbili, macho ameyakaza kwenye mabega ya mpiga kasia. Alipokanyaga chomboni na chombo kikacheza chini yake, alibaki kasimama mlangoni mwa injini mpaka pumzi zikatulia. Akanusa. Palikuwa pakavu, pasafi. Ndipo mikono ikapata kazi, na mikono ilipopata kazi woga ukasahaulika.

Hakuupitisha waya mpya ngamani. Aliupandisha juu, chini kidogo ya mbao za sitaha, ukafuata mataruma, zile mbavu za chombo, mpaka ukafika kwenye pampu, kila shubiri umeshikwa kwa kipande cha ngozi na msumari wa shaba. Palipopita kwenye tundu la ubao aliuvika mpira usije ukasagika. Waya wa pili, unaorudisha umeme, hakuufunga kwenye chuma cha injini kama ulivyokuwa; aliupeleka wote mpaka kwenye betri. Akaweka fyuzi karibu na betri, ili waya ukigusana popote fyuzi iungue badala ya chombo. Na swichi aliihamisha kutoka ndani ya chumba cha injini, akaiweka nje, karibu na usukani, kwenye hewa.

Zubeiri alikuwa akimpa zana kabla hajaziomba. Betri zikarudishwa mwisho kabisa, na waya wa hasi ukawa mwisho wa mwisho. Wakangoja. Wakanusa, mmoja baada ya mwingine, hata Ame na ndevu zake akainama akanusa.

"Nahodha," Noa alisema, "bonyeza."

Tiki tiki tiki tiki, pampu ikalia kwa haraka, kisha taratibu, kisha tiki moja moja, kisha kimya.

Hamad akabadilika uso. "Imekufa tena."

"Hapana, bwana," Zubeiri alisema kabla ya Noa, na alikuwa anatabasamu. "Kabureta imejaa. Imeshiba, imenyamaza." Akaipapasa ile nati kwa kidole. Kidole kilitoka kikavu.

Injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza.

Abiria wakapanda, na Zubeiri pamoja nao. Noa angeweza kurudi Tanga kwa miguu yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Salme alipopita karibu naye alimuuliza tu, "Na wewe, mwanangu, unaiamini kazi yako?" Hakuuliza kwa kumtega. Alikuwa mtu anayetaka kujua anapanda nini. Noa aliyatazama maji, akautazama mkoba wake, akapanda.

Alitapika kabla hawajaipita miamba, na akatapika tena katikati ya mkondo, pale pepo za kusi zilipokutana na maji na Taufiki ikawa inapanda na kushuka kama mtu anayepepeta. Alikuwa ameketi sakafuni karibu na kifuniko cha injini, mkono ameukaza kwenye taruma, uso umekuwa wa majivu. Lakini sikio lake halikuondoka kwenye ile sauti. Hapa ndipo ilipozimika safari ya kwanza, Ame alimwambia. Na hapa ile ya pili. Noa aliitikia kwa kichwa, hakuweza kufungua mdomo. Injini ilinguruma ileile, haikukohoa, haikusita. Chombo kikalala ubavu, wimbi likapanda sitaha, maji yakashuka ngamani. Injini ikanguruma.

Saa moja hivi baadaye Zubeiri alikuja kukaa ubavuni kwake. "Miaka yote hii," alisema, "nikisikia injini imezima nafungua injini. Nifundishe huu utaratibu wako wa kuanzia nje."

Noa alicheka, kicheko cha mgonjwa, lakini kilikuwa cha furaha. Hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo, na aliyemwambia alikuwa Zubeiri wa Ngamiani.

Waliingia Wete alasiri. Watu walikuwa wamejaa gatini, kwa kuwa habari za kupotea kwa Taufiki zilikuwa zimetangulia na kuna waliokwisha kuanza kulia. Hamad aliposhuka walimkumbatia, na yeye aliiondoa mikono yao polepole, akageuka, akampa Noa mkono kumshusha. "Huyu hapa," aliwaambia. "Jana nilimtolea maneno nisiyopaswa. Angenisikiliza, saa hizi mngekuwa mnaokota mbao."

Manahodha watatu walikuja kutaka aone vyombo vyao, siku ileile, kabla hajanywa hata maji. Noa alilala Wete siku tatu. Kabla ya kurudi, Ame alimwomba awaandikie mabaharia ule utaratibu, maana yeye mwenyewe angeusahau. Noa akachukua rangi nyeupe, akaandika juu ya kifuniko cha injini, kwa herufi kubwa alizofundishwa shule ya misheni: FUNGUA MBAO ZOTE. ZIMA MOTO WOTE. NUSA. TOA BETRI. NDIPO USHIKE WAYA.

Ame alikuna ndevu. Herufi za kizungu hakuzijua, wala mabaharia wake. Salme akaletwa. Alisomewa mara moja, akachukua brashi kwenye mkono wa Noa, akapiga magoti kwenye sitaha, na chini ya mstari wa Noa akaandika maneno yaleyale kwa herufi za Kiarabu. Noa hakuweza kuyasoma. Alisimama akayatazama mpaka rangi ikakauka.

Alirudi Tanga na Taufiki hiyohiyo, na mkeka wa ukindu wa rangi tatu aliopewa kwa ajili ya Lea. Lea aliutandika sebuleni, akauzunguka, akasema mtu hawezi kukanyaga kitu kizuri namna hii, akautundika ukutani. Jumapili, walipotoka kanisani, mzee mmoja wa usharika alimsimamisha Noa mlangoni akamuuliza kama ni kweli kwamba yeye, mtoto wa Bumbuli, ndiye aliyetengeneza chombo cha Wapemba.

Noa alikuwa na mazoea ya kupunguza mambo yake. Mtu akimsifu kwa dainamo, husema ilikuwa na kosa dogo tu. Siku ile alifungua mdomo kusema hivyohivyo, na Lea akamtazama.

"Ndiyo, mzee," Noa alisema. "Ni mimi. Nimeitengeneza vizuri."